Limau, Dania na Ndengu: Sosi ya Saladi ya Kujitengenezea Nyumbani

Katika Kaunti ya Makueni, michungwa na miembe ndiyo inayopewa heshima shambani. Machungwa hupakiwa kwenye malori kuelekea miji mikubwa, na maembe huuzwa kwa wanunuzi au hupelekwa kwenye kiwanda cha kusindika matunda kilichoko Kalamba. Mlimau uliosimama kando mara nyingi hauhesabiwi. Malimau yake huchumwa mawili matatu mtu akipata mafua, na yanayobaki huanguka na kuoza chini ya mti.

Lakini tunda hilo hilo, likichanganywa na dania, mafuta kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole, hutoa sosi nzuri ya saladi kwa muda wa dakika kumi. Sosi hiyo huipa kachumbari ladha, huwasaidia wanaopunguza chumvi na, zaidi ya yote, huufanya mwili upate madini ya chuma zaidi kutoka kwa ndengu, mbaazi na kunde zinazopikwa karibu kila siku katika kaunti hii. Kwa kuwa huliwa mbichi, inahitaji usafi wa hali ya juu.

Kwa nini limau liandamane na ndengu

Ndengu, maharagwe, mbaazi, kunde na mboga za majani zina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Hata hivyo, chuma kilichomo kwenye mimea hakifyonzwi kwa urahisi kama kile cha nyama, maini au samaki. Ndani ya nafaka na mikunde kuna kemikali za asili zinazokishikilia chuma hicho, na sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka bila kumfaidi mlaji.

Vitamini C hulegeza kizuizi hicho. Inapokuwa ndani ya mlo ule ule wenye ndengu au kunde, mwili hufyonza chuma zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba viwili hivyo viliwe pamoja. Chungwa linaloliwa saa kumi jioni ni tunda zuri, lakini halizisaidii ndengu zilizoliwa saa saba mchana.

Chai na kahawa hufanya kinyume. Zikinywewa pamoja na chakula, huzuia sehemu ya chuma isifyonzwe. Familia iliyozoea kula muthokoi au ndengu huku ikinywa chai ingefaa kuiacha chai isubiri angalau saa moja baada ya mlo.

Moto nao una hasara yake. Vitamini C huharibika kwa joto, kwa hiyo limau linalokamuliwa ndani ya sufuria inayochemka hupoteza sehemu ya faida yake. Ndiyo maana sosi mbichi inayomwagiwa juu ya chakula kikiwa tayari kwenye sahani hufaa zaidi.

Wanaohitaji chuma kwa wingi ni wajawazito, wanawake na wasichana wanaopata hedhi, na watoto wadogo walioanza kula vyakula vingine mbali na maziwa ya mama. Hata hivyo, sosi hii haichukui nafasi ya matibabu. Mjamzito anayepewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki kliniki anapaswa kuendelea kuvimeza kama alivyoelekezwa, na mtu mwenye dalili za upungufu wa damu, kama vile uchovu usioisha, kizunguzungu na kuishiwa pumzi upesi, aende kupimwa kwenye kituo cha afya.

Chumvi ipungue, ladha ibaki

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazifiki kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Kiasi hicho ni pamoja na chumvi iliyomo kwenye mkate, vibanzi, nyama za kusindikwa na viungo vya pakiti, si ile ya kunyunyiza mezani peke yake. Chumvi nyingi huchangia shinikizo la damu, ugonjwa ambao wengi huishi nao bila kujua.

Uchachu wa limau na harufu ya dania huufanya ulimi uridhike kwa chumvi kidogo. Mapishi yaliyo hapa chini yanatosha watu sita na yanatumia robo kijiko cha chai cha chumvi, yaani takriban gramu moja na nusu. Kila mtu hupata karibu robo gramu tu kutoka kwa sosi hii. Anayenunua sosi za chupa dukani asome maandishi ya nyuma ya chupa, kwa sababu nyingi huwa na chumvi na sukari zaidi ya anavyodhani.

Vinavyohitajika

Kwa watu sita:

- Maji ya limau au ndimu, vijiko vikubwa 4. Ndimu moja ya wastani hutoa takriban vijiko 2, na limau huzidi kidogo.
- Maji ya chungwa, vijiko vikubwa 2.
- Mafuta ya kupikia ya maji, kama vile ya alizeti, vijiko vikubwa 4. Mafuta ya kuganda hayafai kwa sababu hufanya mabonge yakiwa baridi.
- Dania, fungu 1 dogo. Ikikatwakatwa ifike nusu kikombe.
- Majani ya mnanaa 8 hadi 10, ikiwa yapo.
- Kitunguu saumu, punje 1.
- Asali, kijiko 1 cha chai.
- Chumvi yenye iodini, robo kijiko cha chai.
- Pilipili kidogo kwa wanaoipenda.

Limau lolote linafaa, hata lile lenye ganda nene la mabonge ambalo wakulima hulitumia kama shina la kupandikizia michungwa. Lina mbegu nyingi na ganda lake si la kupendeza, lakini lina maji mengi yenye uchachu mzuri. Asiye na asali anaweza kutumia sukari kidogo, au aongeze kijiko kimoja cha maji ya chungwa.

Mafuta hayawekwi kwa ajili ya ladha peke yake. Rangi ya karoti, na lishe iliyofichika ndani ya majani ya kijani kama sukuma wiki na kunde, ndiyo chanzo cha vitamini A, nayo hufyonzwa vizuri zaidi mlo ukiwa na mafuta kidogo. Saladi isiyo na tone la mafuta huacha sehemu ya faida hiyo ipotee.

Usafi kabla ya kisu

Chakula kilichopikwa vizuri hupoteza vijidudu vingi motoni. Sosi hii na kachumbari havipiti motoni, kwa hiyo kinga yake yote iko kwenye mikono, maji, kisu na ubao wa kukatia. Kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengine ya kuhara husambaa kwa njia hiyo hiyo. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa nchini Oktoba 2022 ulifika katika kaunti nyingi, na ulikumbusha kila familia kwamba maji na chakula kibichi vinahitaji uangalifu.

Wengine huamini kwamba limau huua vijidudu vyote. Si kweli. Uchachu hudhoofisha baadhi ya vijidudu, lakini hauwezi kutegemewa kusafisha dania iliyonyunyiziwa maji machafu. Lazima ioshwe kwanza.

Vivyo hivyo, maji kuwa maangavu si ushahidi kwamba ni salama. Maji yanayochotwa kwenye visima vya mchanga wa mtoni huonekana masafi kwa kuwa mchanga umeyachuja, lakini mifugo na watu hupita hapo hapo na vijidudu havionekani kwa macho. Maji ya kusuuzia mboga za kuliwa mbichi yawe yamechemshwa hadi yatokote vizuri kisha yakapoa kwenye chombo chenye kifuniko, au yawe yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Utaratibu wa kuosha ni huu:

1. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ni ya kibuyu chirizi.
2. Malimau na machungwa yaoshwe kabla ya kukatwa, ingawa ganda haliliwi. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu hupeleka uchafu hadi ndani.
3. Mizizi ya dania ikatwe na majani ya manjano yatolewe. Dania izamishwe kwenye beseni la maji na kutikiswa, kisha iinuliwe kwa mkono. Maji yasimwagwe yakiwa na dania ndani, kwa sababu mchanga ulioshuka chini utairudia. Maji yabadilishwe hadi pasionekane mchanga.
4. Isuuzwe mara ya mwisho kwa maji yaliyotibiwa, ikung'utwe na iachwe ijichuje. Dania iliyolowa maji huifanya sosi iwe nyepesi na isiyo na ladha.
5. Ubao na kisu vilivyokata nyama mbichi visitumike kukata dania wala nyanya kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji moto. Kosa hili hutokea sana siku za sherehe, nyama choma na kachumbari zinapotayarishwa juu ya meza moja.

Hatua kwa hatua

Kwanza, limau libiringishwe juu ya meza kwa kiganja huku likikandamizwa. Vifuko vya maji vilivyo ndani hupasuka na tunda hutoa maji mengi zaidi. Likatwe katikati, likamuliwe juu ya chujio ili mbegu zibaki, kwani mbegu zikipondwa huleta uchungu.

Pili, kitunguu saumu kipondwe pamoja na chumvi mpaka kilainike. Chumvi husaidia kukisaga na huyeyuka humo humo, hivyo haibaki chini ya chombo.

Tatu, mchanganyiko huo uwekwe kwenye chupa safi ya mdomo mpana yenye kifuniko, kama ile ya jemu. Maji ya limau, maji ya chungwa na asali viongezwe, kisha vitikiswe mpaka asali iyeyuke. Bakuli la kioo au la plastiki pia linafaa. Sufuria ya alumini isitumike, kwa sababu uchachu hulika alumini na huacha ladha ya chuma kwenye chakula.

Nne, mafuta yatiwe, chupa ifungwe vizuri na itikiswe kwa nguvu kwa nusu dakika. Sosi itageuka kuwa nzito kidogo na ya rangi ya maziwa. Mafuta na maji ya matunda havipatani kwa asili. Kutikisa huyavunja mafuta kuwa matone madogo sana yanayoelea ndani ya maji, na asali huyasaidia yasiungane upesi. Baada ya muda yatajitenga tena na mafuta yatapanda juu. Hiyo si dalili ya kuharibika. Chupa itikiswe tena tu kabla ya kumimina.

Tano, dania na mnanaa vikatwe kwa kisu kikali na viongezwe mwishoni, karibu na wakati wa kula. Kisu butu huyaponda majani na kuyafanya yawe meusi. Majani yakikaa kwenye limau kwa muda mrefu hubadilika kutoka kijani kibichi hadi rangi ya kahawia, kwa sababu uchachu huharibu rangi ya asili ya majani. Hayana madhara, lakini harufu yake hupungua.

Mwisho, sosi ionjwe kwa kipande cha nyanya au tango badala ya kijiko. Ikionjwa peke yake huonekana kali kupita kiasi. Ikiwa ni chachu mno, kijiko kimoja cha mafuta au cha maji ya chungwa kiongezwe. Ikiwa imepooza, iongezwe limau kabla ya kufikiria chumvi.

Namna ya kuitumia mezani

Kwa kachumbari, nyanya, vitunguu na kabeji vikatwe kama kawaida na sosi imwagiwe dakika chache kabla ya kula. Ikimwagiwa mapema sana, chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyanya na bakuli hujaa maji. Vitunguu pekee vinaweza kutangulia kulowekwa kwenye sosi kwa dakika kumi ili ukali wake upungue.

Kwa saladi ya ndengu, vikombe viwili vya ndengu zichaguliwe, zioshwe na kulowekwa usiku kucha. Kuloweka na kumwaga maji yake hupunguza zile kemikali zinazoshikilia chuma, na pia hupunguza kuni au gesi ya kupikia. Zichemshwe mpaka ziive bila kupondeka, zichujwe, na zikiwa bado vuguvugu zichanganywe na nyanya, karoti na sosi. Ndengu vuguvugu hunyonya ladha kuliko zilizopoa kabisa. Mlo huu unafaa mtoto wa shule na mzee asiyetaka chakula kizito usiku.

Kwa kunde, mchicha, terere au sukuma wiki, mboga zipikwe kwa muda mfupi, ziteremshwe, na kila mtu ajiwekee kijiko kimoja cha sosi kwenye sahani yake. Muthokoi na isyo pia huikubali sosi hii, hasa iliyotiwa pilipili.

Ikae muda gani

Sosi hii haina dawa ya kuihifadhi kama zile za dukani. Palipo na friji, inaweza kukaa siku mbili hadi tatu ikiwa imefunikwa. Pasipo na friji, itengenezwe ya kutosha mlo mmoja na iishe siku hiyo hiyo. Saladi iliyokwisha kuchanganywa isiachwe nje kwa zaidi ya saa mbili, hasa katika maeneo yenye joto kama Kibwezi na Mtito Andei. Ile iliyobaki kwenye sahani za watu isirudishwe chupani.

Onyo moja linahitaji kukumbukwa. Kitunguu saumu kibichi kisihifadhiwe ndani ya chupa ya mafuta na kuwekwa kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria wa udongoni anayestawi mahali pa namna hiyo na kutengeneza sumu kali inayoweza kuua, bila harufu wala ladha ya kumtahadharisha mlaji. Kitunguu saumu kipondwe siku ya kutumika.

Wanaopaswa kuwa waangalifu

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kwa namna yoyote, hata tone ndani ya sosi, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria huyo huyo, na tumbo lake bado halina nguvu ya kuwazuia. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia apunguze limau, na aache kabisa likimwongezea maumivu. Baada ya kula vitu vichachu, ni vyema kusukutua kwa maji na kungoja angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu uchachu hulainisha meno kwa muda.

Balungi lisitumike mahali pa chungwa na mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kupunguza mafuta kwenye damu kabla hajamuuliza daktari au mfamasia. Tunda hilo huzifanya baadhi ya dawa hizo zizidi kiwango mwilini. Chungwa tamu la kawaida halina shida hiyo. Na mgonjwa wa shinikizo la damu asiache dawa zake kwa sababu amepunguza chumvi. Viwili hivyo hufanya kazi pamoja.

Dania karibu na mlango wa jikoni

Dania haihitaji shamba. Gunia, ndoo kuukuu iliyotobolewa chini au kitalu kidogo kando ya jikoni kinatosha. Kila punje ya dania ina mbegu mbili ndani yake, kwa hiyo husuguliwa taratibu zigawanyike kabla ya kupandwa. Hupandwa mahali penyewe itakapokulia, kwa kuwa haipendi kuhamishwa. Huchipuka ndani ya wiki moja hadi tatu na huanza kuvunwa baada ya wiki tano au sita hivi. Jua kali huifanya itoe maua upesi na majani yakapungua, kwa hiyo katika sehemu kame iwekewe kivuli cha mchana na ipandwe kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu ili isikatike.

Mnanaa hupandwa kwa kipande cha shina, na upewe chombo chake peke yake kwa kuwa husambaa na kuvamia mimea mingine. Maji yaliyooshea mboga, yasiyo na sabuni, yanatosha kuinywesha mimea hii miwili kwa siku. Yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani yatakayoliwa mabichi.

Wakazi wenye maswali kuhusu lishe, upungufu wa damu au namna ya kutibu maji wanaweza kumwuliza mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chao au kufika kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Kuhusu mbegu za dania na utunzaji wa milimau, afisa wa kilimo wa wadi ndiye wa kuulizwa. Kwa nyumba ambayo tayari ina ndengu kwenye gunia na malimau chini ya mti, kinachosalia kununuliwa huenda kikawa ni fungu la dania tu.